Mlo Mbadala wa Pakiti kwa Kupunguza Uzito: Je, Unakufaa?

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara katika kliniki za kisukari na za shinikizo la juu la damu ni hili: «Daktari, kuna unga wa kukoroga unaouzwa kwa ajili ya kupunguza uzito. Niununue?» Aghalabu muulizaji amekwisha kuusikia kutoka kwa jirani, mfanyakazi mwenzake au mtu anayemheshimu katika nyumba ya ibada, na pengine kopo la kwanza tayari liko nyumbani. Jibu la mkato, liwe la kukubali au la kukataa, halimsaidii. Kuna watu ambao mpango huu umewapatia nafuu kubwa chini ya uangalizi wa wataalamu, na kuna watu ambao unaweza kuwadhuru ndani ya siku chache. Makala hii inaeleza namna ya kuwatofautisha.

Haja ya maelezo haya ni ya kweli. Tafiti za kitaifa za demografia na afya nchini Tanzania zinaonyesha kwamba wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 11 mwaka 1991–92, nao wakafikia asilimia 28 mwaka 2015–16. Pamoja na uzito huo huja kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti. Mtu anayetafuta njia ya kupungua hana budi kusikilizwa kwa heshima, kwa kuwa mara nyingi anakimbia hatari anayoijua.

Mlo mbadala ni kitu gani?

Mlo mbadala ni chakula kilichotengenezwa kiwandani, kwa kawaida unga wa kukoroga kwa maji au maziwa, supu ya unga au kipande kigumu mfano wa biskuti, chenye kiasi kinachojulikana cha nishati, protini, vitamini na madini, ili kichukue nafasi ya mlo wa kawaida. Maana yake yote imo katika maneno hayo ya mwisho. Anayekunywa unga huo kisha akala sahani yake ya wali kama kawaida hajabadilisha mlo, bali ameongeza mlo mwingine.

Mipango hii ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya kubadilisha sehemu: mlo mmoja au miwili kwa siku huchukuliwa na pakiti, na mlo unaobaki huwa chakula cha kawaida kilichopimwa. Ya pili ni ya kubadilisha vyote: kwa wiki kadhaa mtu hali kitu kingine isipokuwa pakiti na maji. Namna ya pili ina nguvu zaidi na hatari zaidi, nayo haipaswi kuanzwa bila mhudumu wa afya.

Kamisheni ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex Alimentarius, iliweka viwango vya bidhaa hizi katika miaka ya 1990. Kwa mujibu wake, pakiti inayochukua nafasi ya mlo mmoja iwe na kilokalori 200 hadi 400, na mpango unaochukua nafasi ya milo yote ya siku utoe kilokalori 800 hadi 1,200. Bidhaa zenye chini ya kilokalori 800 kwa siku zina kiwango chake cha pekee, kinachodai angalau gramu 50 za protini bora kila siku.

Wahudumu wa afya wanaweza kulinganisha na chakula dawa wanachokitoa kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Pakiti moja ya chakula dawa ina uzito wa gramu 92 na nishati ya kilokalori 500, nayo imekusudiwa kumwongezea mtoto uzito upesi. Pakiti ya kupunguza uzito ya mtu mzima huwa na chini ya nusu ya nishati hiyo. Zote mbili ni chakula cha pakiti chenye vitamini, lakini zinafanya kazi zinazopingana. Kwa hiyo kuwa ndani ya pakiti yenye maandishi ya kisayansi hakutuambii lolote. Kinachotuambia ni kiasi. Kwa sababu hiyohiyo uji wa lishe wenye karanga na soya, hata ukiwa bora kwa mtoto, hauwezi kuitwa mlo mbadala wa kupunguza uzito, kwani nishati yake ni nyingi na vitamini zake hazikupimwa kwa kusudi hilo.

Unapunguzaje uzito?

Hakuna siri ndani ya unga. Tuchukulie mtu mzima anayetumia kilokalori 2,000 kwa siku. Akila pakiti nne zenye kilokalori 210 kila moja, atakuwa amepata 840. Upungufu wa kilokalori 1,160 mwili utautoa katika akiba yake, hasa mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700, hivyo kwa wiki mtu huyo atapungua kama kilo moja.

Wiki ya kwanza mizani inaweza kuonyesha kilo mbili au tatu, nao wauzaji hupenda sana kupiga picha ya mizani hiyo. Sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Mwili huhifadhi wanga katika ini na misuli pamoja na maji mara tatu hivi ya uzito wake, na wanga huo ukitumika, maji yake hutoka. Yatarudi mara mtu atakapoanza tena kula ugali, wali au viazi. Asifadhaike yakirudi, wala asidanganyike yalipotoka.

Faida ya pakiti, basi, haimo katika kirutubisho cha ajabu. Imo katika kuondoa makadirio. Anayekula ugali kutoka sinia moja na wenzake hawezi kujua amekula kiasi gani; anayekunywa pakiti moja anajua. Kwa watu wengine kupumzishwa kupima, kuchagua na kupika kwa muda ndiko kunakowawezesha kufika walikoshindwa kufika kwa ushauri wa «kula kidogo».

Ushahidi unasema nini?

Utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika Uingereza, katika Scotland na eneo la Tyneside, chini ya maprofesa Mike Lean na Roy Taylor, na unajulikana kwa jina la DiRECT. Ulihusisha watu karibu 300 wenye umri wa miaka 20 hadi 65 waliokuwa na kisukari cha aina ya pili kwa muda usiozidi miaka sita, na ambao hawakuwa wakitumia insulini. Nusu yao waliendelea na matibabu ya kawaida. Nusu nyingine waliachishwa dawa za kisukari na za shinikizo la damu siku ya kwanza, wakapewa mlo mbadala wa kilokalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula cha kawaida hatua kwa hatua na kuendelea kuonana na muuguzi au mtaalamu wa lishe.

Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya waliofuata mpango walikuwa na ahueni ya kisukari, yaani sukari yao ilikuwa chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa yoyote, dhidi ya asilimia 4 ya wenzao. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, ahueni ilifika asilimia 86. Matokeo hayo yalibadilisha fikra za wengi waliokuwa wakiamini kwamba kisukari cha aina ya pili ni njia isiyo na kurudi. Utafiti mwingine, uliofanyika Qatar kwa watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini waliogundulika na kisukari katika miaka mitatu iliyotangulia, ulipata ahueni kwa asilimia 61 ya waliofuata mpango wa mlo mbadala na mazoezi, dhidi ya asilimia 12 ya wengine.

Hata hivyo habari hizi zisomwe hadi mwisho. Katika utafiti wa Uingereza ahueni ilishuka hadi asilimia 36 mwaka wa pili, na kati ya washiriki 85 wa kundi la mpango walioendelea kufuatiliwa, mwaka wa tano ni asilimia 13 tu waliokuwa bado na ahueni. Uzito uliporudi, sukari nayo ilirudi. Zaidi ya hayo, washiriki walipewa bidhaa bila malipo, walipimwa mara kwa mara, na karibu wote walikuwa Wazungu. Matokeo hayo ni ya mpango mzima wenye uangalizi. Hayawezi kudaiwa na kopo linalonunuliwa barabarani na kutumiwa bila kipimo chochote.

Historia nayo ina funzo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, nchini Marekani ulienea mtindo wa kuishi kwa kinywaji cha protini pekee, kilichotengenezwa kwa ngozi na viungo vya wanyama ambavyo protini yake ni hafifu, bila madini ya kutosha. Watu kadhaa walifariki ghafla, wengi wao wakiwa wanawake waliokuwa wamepungua sana kwa miezi michache, na uchunguzi ulionyesha mapigo ya moyo yaliyovurugika. Viwango vya leo kuhusu ubora wa protini na wingi wa madini vimetokana kwa sehemu na vifo hivyo. Anayekutengenezea unga bila kufuata viwango anakurudisha kwenye miaka ile.

Nani anaweza kufaidika?

Hatua ya kwanza ni kujua kama unahitaji kupungua. Gawanya uzito wako kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wako kwa mita. Uwiano huo ndio unaoitwa kliniki BMI. Kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 na zaidi ni uzito uliozidi, na 30 na zaidi ni kiribatumbo.

Tuchukue mifano miwili ya kubuni. Mwanamke wa miaka 44, mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 86, ana uwiano wa 33.6. Aligundulika na kisukari cha aina ya pili miaka miwili iliyopita, anatumia vidonge, figo na moyo wake ni vizima, na familia yake iko tayari kumsaidia. Huyu ana sababu nzuri ya kujadiliana na daktari kuhusu mlo mbadala, pengine hata wa kubadilisha vyote. Binti wa miaka 24, mwenye urefu wa mita 1.65 na kilo 66, ana uwiano wa 24.2. Anataka kupungua kilo kumi kabla ya sherehe yake ya kuagwa. Mwili wake hauna kilo kumi za ziada za kutoa. Pakiti hazimfai, na jibu la upole linalomweleza hivyo ni tiba tosha.

Kati ya hao wawili wako wengi ambao kubadilisha mlo mmoja kwa siku kunaweza kuwasaidia kuanza, kama vile dereva au mlinzi wa zamu ambaye chakula chake cha usiku ni chipsi na soda kwa sababu hakuna kingine karibu. Kwake pakiti moja yenye kiasi kinachojulikana ni badiliko la kweli, mradi maji ya kuikorogea yawe salama, yaliyochemshwa au kutibiwa.

Nani asitumie?

Mama mjamzito na anayenyonyesha wasitumie mpango wowote wa kupunguza uzito kwa pakiti. Vivyo hivyo watoto na vijana ambao bado wanakua, isipokuwa kwa uamuzi wa daktari bingwa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, aliyepata shambulio la moyo au kiharusi katika miezi ya karibuni, mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, figo au ini lililoharibika sana, na mwenye saratani inayotibiwa, wasijaribu peke yao. Aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au la kula kupita kiasi kisha kujitapisha anaweza kurudishwa huko na mpango wa aina hii.

Wenye gauti na wenye vijiwe kwenye kifuko cha nyongo wawe waangalifu, kwa kuwa kupungua kwa kasi huchochea yote mawili. Wengi wetu katika Afrika Mashariki tukiwa watu wazima hatumeng'enyi vizuri sukari ya maziwa. Unga uliotengenezwa kwa maziwa unaweza kuleta gesi, maumivu ya tumbo na kuharisha. Wala mtu asiunganishe mpango wa kubadilisha milo yote na saumu ya Ramadhani au Kwaresima kwa kuamini kwamba atapungua maradufu. Atakachopata ni kizunguzungu na kupungukiwa maji.

Jambo moja zaidi linastahili kusemwa waziwazi. Aliyeanza kupungua kabla ya kuanza mpango wowote, hasa akiwa na kikohozi, homa, jasho la usiku, kiu au kukojoa sana, hapaswi kushangilia wala kununua pakiti. Aende akapimwe kifua kikuu, VVU na sukari.

Dawa na mlo mbadala

Hapa ndipo penye hatari ya karibu zaidi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, glibenklamidi au gliklazidi, akipunguza chakula kwa ghafla huku akiendelea na dozi ileile, sukari yake inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Dawa mpya za jamii ya dapagliflozini na empagliflozini, zinazotoa sukari kupitia mkojo, zinaweza kusababisha tindikali kuzidi katika damu wakati mtu anapokula wanga kidogo mno. Dawa za shinikizo la damu, hususan zile za kuongeza mkojo, zinaweza kumwangusha mtu anaposimama, kwa sababu shinikizo hushuka uzito unapopungua. Kwa hiyo dozi hupangwa upya kabla ya siku ya kwanza. Mgonjwa asijiachishe dawa mwenyewe, na asianze pakiti kabla dawa zake hazijapitiwa.

Anayetumia warfarini akumbuke kwamba bidhaa hizi huongezewa vitamini K, ambayo hudhoofisha dawa hiyo. Kipimo cha kuganda kwa damu kirudiwe mapema. Anayetumia homoni ya tezi ya shingo aitenganishe na pakiti kwa saa kadhaa.

Kwa wanaoishi na VVU kuna maelezo ya pekee. Dawa ya dolutegraviri, iliyomo katika kidonge kinachotumiwa na wengi katika nchi zetu, hushikwa tumboni na madini ya kalisi, chuma, magnesiamu na zinki, na kiasi kinachoingia katika damu hupungua. Pakiti za mlo mbadala zimejaa madini hayo. Kanuni ya kawaida ni kumeza dawa saa mbili kabla ya madini ya nyongeza au saa sita baada yake, isipokuwa vikitumiwa pamoja na mlo kamili. Mtumiaji wa pakiti auulize ushauri katika kituo chake cha tiba na matunzo. Wako pia walioongezeka uzito baada ya kuanza dolutegraviri, kama tafiti za Afrika Kusini na Kameruni zilivyoonyesha. Jambo hilo lizungumzwe na mtoa huduma. Kamwe lisiwe sababu ya kuruka dawa.

Kusoma kopo na kumsikiliza muuzaji

Kabla ya kulipa, geuza kopo usome. Tafuta nishati ya kila kipimo, kiasi cha protini, orodha ya vitamini na madini, jina na anwani ya mtengenezaji, na tarehe ya kwisha matumizi. Viwango vya kimataifa vinataka angalau robo ya nishati itokane na protini. Kila gramu ya protini hutoa kilokalori nne, hivyo pakiti ya kilokalori 220 inapaswa kuwa na gramu 14 hivi. Ukikuta gramu tatu na sukari nyingi, hicho ni kinywaji kitamu.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa vyakula Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Zanzibar una Wakala wa Chakula na Dawa wa huko, na Kenya kuna Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Bidhaa isiyotambuliwa na mamlaka husika isinunuliwe. Jihadhari zaidi na vidonge, chai na unga wa «mitishamba» unaoahidi kukata hamu ya kula. Katika bidhaa za namna hiyo, maabara za nchi mbalimbali zimegundua mara nyingi sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa katika soko la Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi.

Wauzaji wengi wa bidhaa hizi hulipwa kwa mauzo yao na ya wale wanaowaingiza katika biashara. Hilo halimfanyi muuzaji kuwa mwongo, lakini linamfanya asiwe mshauri huru. Muulize: nani atapima shinikizo langu wiki ijayo? Nikizimia, nimpigie nani? Atakayekuambia uache dawa za hospitali, au kwamba kizunguzungu ni «sumu inatoka», mwache na kopo lake. Ini na figo ndizo zinazotoa taka mwilini, na hazihitaji unga kufanya kazi hiyo.

Gharama na maisha ya nyumbani

Piga hesabu ya mpango wote kabla hujanunua kopo la kwanza. Kwa mfano tu, pakiti moja ikiwa shilingi 6,000, pakiti nne kwa siku ni shilingi 24,000, na kwa wiki 12 ni shilingi 2,016,000. Fedha hizo zikitoka katika ada ya watoto au katika dawa za mwezi, mpango huo haukufai, hata ukiwa bora kiasi gani. Kopo lenye vipimo 20 linalotumiwa mara mbili kwa siku huisha siku ya kumi. Anayeweza kununua moja pekee hajaanza mpango, amenunua siku kumi.

Nyumba nayo iulizwe. Anayepika ndiye mara nyingi anayetaka kupungua, naye atakaa mbele ya chungu kila jioni. Kukataa chakula ugenini au msibani huweza kuonekana dharau. Zaidi ya hayo, kupungua haraka huzua minong'ono, kwani bado wako wanaohusisha wembamba na maradhi. Mjulishe mapema mwenza wako na mtu mmoja au wawili unaowaamini, ili mzigo wa kueleza usiuchukue peke yako.

Siku pakiti zitakapokwisha

Ushahidi wote tulioutaja unakutana hapa: asiye na mpango wa siku ya baada ya pakiti atarudi alikotoka. Chakula hurudishwa polepole, mlo mmoja baada ya mwingine, kwa wiki kadhaa. Sahani ya kurudia ni ile inayofundishwa kliniki: nusu mboga kama mchicha, matembele au kabichi, robo maharage, samaki, dagaa, kuku au yai, robo ugali, wali, ndizi au viazi. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Soda na chai yenye sukari nyingi zibaki nje. Jipime uzito mara moja kwa wiki, na ukiongezeka kilo mbili au tatu rudi kwa mshauri wako mapema, kabla hazijawa kumi.

Sahani hiyohiyo ndiyo njia ya yule asiyeweza kununua pakiti au ambaye haimfai. Atapungua polepole zaidi, lakini hata kupungua asilimia 5 ya uzito, yaani kilo nne hivi kwa mtu wa kilo 86, husaidia kushusha sukari na shinikizo la damu.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa anapokuonyesha kopo, usimcheke wala usimkaripie. Akiaibishwa leo, ataendelea kulitumia bila kukuambia. Pima uzito, urefu, kiuno, shinikizo la damu na sukari. Uliza kuhusu ujauzito. Andika dawa zote, pamoja na za mitishamba. Pale inapowezekana, pima figo, ini na chumvi za damu kabla ya mpango wa kubadilisha milo yote, na panga dozi upya na daktari. Mwone kila wiki moja au mbili mwanzoni. Mweleze kwamba kichwa kuuma, haja kubwa kuwa ngumu, harufu ya kinywa na kuhisi baridi ni mambo ya kawaida katika siku za mwanzo, na kwamba anywe maji ya kutosha, angalau lita mbili kwa siku. Mweleze pia dalili za kumrudisha kituoni siku hiyohiyo: kuzimia, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, kutetemeka na jasho jingi, kutapika kusikokoma, au maumivu makali chini ya mbavu za kulia.

Ikiwa kituo chako hakina uwezo wa kumfuatilia, mwambie hivyo. Mpeleke panapowezekana, au mshauri mpango mwepesi wa kubadilisha mlo mmoja pamoja na sahani iliyopimwa.

Ndugu msomaji, ukitaka kuamua, jibu kwanza haya: Je, uzito wangu kweli umezidi? Je, nina hali au dawa inayohitaji daktari apange kabla sijaanza? Nani atanipima? Fedha zitatosha hadi mwisho? Na siku nitakayofungua pakiti ya mwisho, kesho yake nitakula nini? Mwenye majibu ya maswali yote matano anaweza kwenda kliniki kuanza mazungumzo. Aliyekosa hata moja na ahifadhi fedha zake, aende kliniki vilevile, atafutiwe njia nyingine.